Mhusika wangu kalelewa na familia ya wezi, wasomaji wanasema hana uhai. Nakosea wapi?

Wino_Mkavu (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi.

Naandika hadithi ndefu, ya kiza kweli kweli. Sura 14 zimekamilika. Ni familia moja tu: baba anaongoza genge la kuvunja nyumba, mama anapokea mzigo na kuuza, kaka mkubwa anafuata nyayo, halafu kuna binti wa miaka 11, Tunu, ambaye yote tunayaona kupitia macho yake. Baba ni mkatili. Anapiga, anafungia watu stoo, na akiwepo hakuna anayeinua sauti.

Niliwapa marafiki watatu wasome. Wa kwanza kasema Tunu ni shetani mdogo, hakuna mtoto wa namna hiyo duniani. Wa pili kauliza swali lililoninyima usingizi: "Kama baba ndiyo yuko hivyo, mbona mtoto hakimbii? Mlango si uko wazi?" Wa tatu, ambaye huwa hanifichi kitu, kasema baba naye ni kinyago. Kila akitokea unajua atapiga mtu, na akipiga hakuna anayeshtuka.

Wazo langu kuu ni ile methali, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nataka hadithi iishe Tunu akiwa mbaya kuliko baba yake. Hiki hapa kipande cha sura ya 2:

*"Baba aliingia akiwa amejaa ghadhabu. Alimzaba Tunu kofi. Tunu hakulia. Ndani ya moyo wake giza lilikuwa likikua kama mti wa sumu. Siku moja, aliapa, dunia nzima ingelipa."*

Nikosoeni bila huruma, ila msinitukane. Natanguliza shukrani.

Kobe_Msomaji

Huo mti wa sumu ung'oe leo hii, mkuu. Mtoto wa miaka 11 akizabwa kofi haiapii dunia nzima, anawaza shavu lake. Mengine nawaachia wenye uzoefu. Nimekaa paleee pembeni nasoma.

BintiWaFundi

Jibu hili nimelifuta mara mbili. Hii ni ya tatu, nikilifuta tena basi.

Mimi ndiye Tunu. Baba yangu alikuwa anapokea mali ya wizi na kuigeuza sura kabla haijauzwa. Nilifundishwa kwamba nikiulizwa shuleni niseme baba ni fundi, na kusema kweli alikuwa fundi, hakuna kitu kilichoishinda mikono yake. Jina langu la humu limetoka huko. Ameshafariki. Siandiki kumshtaki wala kumsafisha, naandika kwa sababu kipande chako kimenikera.

Nilipotimiza miaka 8 aliniletea baiskeli. Nyekundu, kengele inalia, breki zote mbili zinashika. Hakuna mtu aliyewahi kuniletea kitu kikubwa hivyo. Nikaizunguka, nikaipindua miguu juu kama nilivyozoea kumwona yeye akifanya, na chini ya kiti nikakuta jina limeandikwa kwa rangi ya kucha. Jina la msichana. Herufi za mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuandika, ya mwisho imebanwa pembeni kwa sababu nafasi ilimwishia.

Nikamwuliza baba, huyu ni nani?

Hakukasirika. Alicheka. Akaleta wembe, akauzungushia kitambaa upande mmoja nisijikate, akanionyesha namna ya kukwangua wembe ukiwa umelala, maana ukiusimamisha unachubua na rangi ya chini. Nilikwangua lile jina jioni nzima, ulimi nje. Nilipomaliza akapitisha kidole pale, akapitisha tena, akasema, "Una mkono mwepesi wewe. Umenishinda." Akamwita mama aje aone.

Sijasifiwa vile tena popote, hata siku niliyohitimu.

Haukupita muda nikawa nakwangua namba, majina, alama za wenye mali, chochote alichonipa. Hakunilazimisha. Mimi ndiye niliyekuwa namfuata: baba, leo hakuna cha kukwangua?

Sasa rudi kwenye sura yako ya 2. Kipigo nilikipata, sitajifanya hakikuwepo. Lakini kipigo kilinifunza kujua mapema tu. Ufunguo ukitupwa mezani, nilijua ni usiku wa aina gani. Ukiwekwa taratibu, bila mlio, hapo ndipo nilipokuwa namvuta mdogo wangu tukajifanye tumelala. Nilijua ni hatua ngapi toka getini mpaka mlangoni, na nilikuwa nazihesabu hata siku ambazo hayupo. Hayo yote yalikuwa ya kujihami. Kazi yenyewe sikufunzwa kwa fimbo, nilifunzwa kwa sifa. Baba yako wa hadithini hana sifa hata moja mdomoni, ndiyo maana rafiki yako anamwona kinyago. Baba yangu alikuwa anaimba akiwa kazini. Sauti nzuri, tena.

Halafu lugha. Neno "kuiba" sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Kulikuwa na "kazi", kulikuwa na "mzigo". "Kulala" maana yake kitu kikae kwanza mpaka kisahaulike: mzigo umelala, usiuguse. Na "wageni" maana yake polisi. Siku moja, nina miaka kama 12, nilikuwa kwao mwenzangu wa shule tunafanya hesabu. Mama yake akapita sebuleni akasema, "Jamani pangeni vitu, wageni wanakuja jioni." Wakanikuta nimesimama kwenye mlango wa nyuma. Walicheka sana. Nami nikacheka, lakini viatu nilikuwa nimeshavaa.

Kwa hiyo huyo anayeuliza mbona Tunu hakimbii, mwambie, akimbilie wapi? Polisi ndio wageni. Kwa mwalimu? Mwalimu akijua, baba anafungwa, na baba akifungwa aliyemfunga ni mimi. Hilo nilielezwa nikiwa mdogo sana, bila kutishwa, kwa upole kabisa, nimepakatwa: "Ukisema watanichukua. Unataka wanichukue?" Sikutaka. Watu hapo ndipo wanaponipotea. Wanadhani nilinyamaza kwa hofu. Hofu ilikuwepo, ila mimi sikutaka wamchukue.

Msako tulifanyiwa mara moja. Mama alinivalisha sweta mbili, ya ndani imeshonewa kitu kwenye pindo. Askari wa kike akanishika kichwa akaniambia usiogope, mtoto. Wala sikuwa naogopa. Nilikuwa najivuna. Sura niliyoivaa siku ile, ya mtoto asiyejua lolote, ninayo mpaka leo, na huwa inakuja yenyewe. Bosi akiniita ofisini, inakuja. Mume wangu akiniuliza tu "umelala vizuri?", inakuja. Ameshaizoea, anasubiri iondoke ndipo anauliza tena.

Na hili la mwisho, kwa sababu umesema Tunu ana kaka. Mdogo wangu wa kiume hakuwa na mkono mwepesi. Alikuwa anaangusha vitu, anasahau, anauliza maswali kwa sauti kubwa. Baba akamfukuza chumba cha kazi. Mimi ndani nasifiwa, yeye nje amekaa kizingitini anasikiliza wimbo. Ukiuliza watu, watakwambia yeye ndiye aliyeokoka, maana hakufunzwa chochote. Yeye ndiye aliyekuja kufungwa, mara mbili. Mtu mzima mwenye watoto, bado anagonga mlango wa kile chumba.

Mimi nikipewa zawadi naigeuza chini kwanza. Watu wanadhani natafuta bei.

Lile jina nalikumbuka, silitaji. Ila nikupe kitu kimoja cha kumfanyia kazi Tunu, kwa kuwa unataka giza. Mwenye jina lile nilianza kumuwaza nikiwa na miaka 13. Baiskeli niliipata nikiwa na 8. Miaka mitano nilipanda kila siku, napiga kengele, na sikumuwaza hata mara moja. Ukipaangalia hapo hutahitaji kuandika neno "giza" kwenye hadithi nzima.

Kobe_Msomaji

Nilisema nimekaa pembeni nasoma. Sasa nimesimama. Asante dada.

Mzee_wa_Mafaili

Binti wa Fundi, mwanangu, asante kwa kutolifuta.

Mimi ni mstaafu. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, upande wa watoto, miaka mingi, na kabla hamjaniuliza, hapana, siwezi kusimulia mafaili ya watu. Nitasema moja tu lisilo la mtu. Watoto waliletwa ofisini kwangu usiku, wengine na majeraha. Sikumbuki hata mmoja aliyekaa kwenye kile kiti akasema baba ni mbaya. Walikuwa wanauliza tutakaa hapa mpaka saa ngapi, maana mama atahangaika.

Mleta mada, methali yako naijua na inapigwa sana kwenye vikao. Nilipokuwa kazini nilikuwa najibu hivi. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Cathy Spatz Widom, alichapisha kazi yake katika jarida la Science. Alichukua kumbukumbu za mahakama za watoto 908 walioteswa au kutelekezwa, akawalinganisha na wengine 667 wanaofanana nao kwa umri, jinsia na hali ya maisha, ila hawakuwa na kesi kama hizo. Kundi la kwanza, takriban asilimia 26 walikamatwa kwa makosa kabla hawajawa watu wazima. La pili, takriban 17. Kwa hiyo mateso yanaongeza hatari, hakuna ubishi. Lakini hesabu tena upande wa pili: karibu watatu kati ya wanne walioteswa hawakukamatwa katika umri huo. Ukimfanya Tunu nyoka, unaandika habari za yule mmoja, na msomaji ana haki ya kukuuliza kwa nini awe yeye. "Kwa sababu ya baba yake" haitoshi, maana wale watatu nao wana baba.

Nisikuonee lakini. Kuna utafiti mwingine ulioanza mwaka 1961 kusini mwa London, wavulana 411, wakafuatiliwa mpaka wakawa na wajukuu baadhi yao. Takriban asilimia 6 ya familia zile ndizo zilizobeba nusu ya hukumu zote za kundi zima, ukijumlisha wazazi na ndugu. Methali haikutoka hewani, kuna nyumba chache ambazo jambo hili linarithishwa kama ufundi wa kuchonga. Binti hapo juu kakuonyesha linavyorithishwa. Ni jioni moja na wembe mmoja.

Wazo la kwamba unaweza kumtoa mtoto katika urithi huo liliwahi kufika mahakamani kwa uzito mkubwa. Huko Reggio Calabria, kusini mwa Italia, jaji wa mahakama ya watoto Roberto Di Bella aligundua kwamba vijana anaowahukumu ni watoto na wadogo wa watu aliowahukumu miaka ya nyuma, familia zilezile za 'Ndrangheta, mafia ya huko Calabria. Kuanzia mwaka 2012 mahakama yake ikaanza kuwahamisha baadhi ya watoto hao mbali na familia. Watu walipiga kelele, na zipo sababu za kupiga kelele, dola kumchukua mtoto si jambo dogo. Ila kilichonigusa mimi ni kwamba baadaye walianza kuja akina mama wenyewe, kwa siri, wakimwomba jaji awachukulie watoto wao. Wewe unayetafuta hadithi ya kiza, mwandike huyo mama njiani anakwenda mahakamani.

Na kwa rafiki yako wa "mlango si uko wazi" nina jina moja, Rita Atria. Alizaliwa Sicily mwaka 1974 katika familia ya mafia. Baba yake aliuawa mwaka 1985, kaka yake mwaka 1991. Akaenda kwa waendesha mashtaka akasema yote aliyoyajua, akiwa na miaka 17. Lakini tazama kilichomsukuma. Mwanzoni alitaka waliomuua baba yake na kaka yake walipe. Aliivunja sheria ya familia kwa sababu aliipenda familia. Mama yake akamkana. Mwendesha mashtaka aliyemwamini kama mzazi, Paolo Borsellino, akauawa kwa bomu tarehe 19 Julai 1992. Wiki moja baadaye, huko Roma alikofichwa, Rita alijiua. Hakuwa amefikisha miaka 18. Mazishini mama yake hakwenda, ila baadaye alikwenda makaburini akalipiga jiwe la kaburi la bintiye kwa nyundo.

Huo ndio mlango ulio wazi.

Kisu_Butu

Shikamoo mzee. Binti wa Fundi, heshima kwako. Ila naomba nipinge kidogo, maana naona uzi unaelekea mahali ambapo kila mwovu atapewa kikombe na kitambaa cha machozi.

Mimi nasoma hadithi za kiza kwa wingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Kinachonichosha siku hizi si baba kinyago. Nimechoka na ile sura ya mwisho kabla ya mwisho, ambapo muuaji anakumbuka utotoni alivyofungiwa kabatini, na sisi tunatakiwa tuitikie "aaa, kumbe". Mateso yanageuzwa ufunguo wa fumbo. Nikimaliza najiuliza, na yule ndugu yake aliyefungiwa naye kabati lilelile mbona ana duka la vitabu? Ndiyo hoja ya mzee, najua, lakini mimi naiwekea mwandishi. Usimpe Tunu sababu moja. Mpe kumi, nyingine za kijinga, halafu moja aichague mwenyewe siku ambayo angeweza kuchagua vingine. Siku hiyo ndiyo hadithi yako.

Pili, stoo. Umesema baba anafungia watu stoo. Katika sura 14 wamefungiwa mara ngapi? Kama ni zaidi ya moja umeshaiua. Ingiza mtu stoo mara moja tu, usituonyeshe ndani, tuachie sisi tukae upande wa nje na Tunu anayeambiwa aendelee kula. Baada ya hapo unachohitaji ni msumari unaoning'inizwa ufunguo. Sura ya 9 Tunu apite, ufunguo haupo msumarini. Basi. Nitafunga kitabu niende kunywa maji.

Tatu, na hapa nawashangaa wote. Mbona hakuna aliyemuuliza mama? Anapokea, anauza, maana yake anajua kila kitu kinachoingia na kutoka, na hela anashika yeye. Baba kama yule bila mama kama yule hadumu mwaka. Umempa mistari mingapi?

Wino_Mkavu

Nimekwenda kuhesabu. Mama ana mistari 9 katika sura 14. Saba kati ya hiyo analia.

Stoo, mara sita. Naona aibu.

BintiWaFundi

Kisu_Butu umepiga penyewe, na mimi mwenyewe nimekwepa. Nimemtaja mama mara mbili, akija kuona kazi yangu na akinivalisha sweta, nikapita haraka.

Mama hakuwahi kunipiga. Baada ya baba kumaliza alikuwa anakuja na maji ya uvuguvugu na kitambaa, anakaa pembeni ya kitanda, ananikanda. Mikono laini. Huku ananikanda anasema kwa sauti ya chini, "Ungemjibu taratibu. Unajua alivyo siku za mzigo." Kila mara. Si kwa ukali, kama mtu anayekupa siri ya kukusaidia. Kwa hiyo nililala nikijua kosa lilikuwa la sauti yangu, na kesho nikirekebisha sauti mambo yatakuwa sawa. Nilirekebisha sauti mpaka nikawa siisikii mwenyewe.

Baba nilimsamehe, sijui lini, ilitokea tu. Mama yu hai, nampigia simu kila Jumapili, tunazungumza hali ya hewa. Bado natafuta nimsamehe nini hasa.

Wino, usimlize mama wa Tunu. Mpe kitambaa.

Mzee_wa_Mafaili

Hilo la kitambaa nimelikuta nyumba nyingi. Mtoto hawezi kuamini kwamba mtu anayemtegemea kwa kula na kulala ni hatari, akiamini hivyo ataishije humo mpaka kesho? Basi anaibeba hatia yeye. Afadhali niwe mimi mbaya, maana mimi naweza kujirekebisha, kuliko awe mbaya yeye ambaye siwezi kumfanya lolote. Wapo wanaokuja kwangu wana miaka 50, bado wanaongea taratibu.

Kisu_Butu

Nimetafuta cha kupinga nimekosa.

Wino_Mkavu

Nimerudi, wiki mbili baadaye. Nimefuta sura 4, nimebakiza stoo moja, mti wa sumu nimeung'oa na mizizi yake. Ile methali nimeiondoa mwanzoni nikampa kaka mtu, anaisema kwa mzaha akiwa amelewa, na Tunu peke yake ndiye hacheki. Mwisho bado sijauamua. Nilikuwa na hakika nao nilipofungua uzi huu, sasa sina.

Dada BintiWaFundi, baiskeli yako sijaigusa, ile ni yako. Nimetafuta ya Tunu mwenyewe. Hii ndiyo sura ya 2 mpya, mwanzo wake. Nipigeni:

*"Baba alimfunika macho kwa kiganja. 'Usitazame. Sikiliza.'*

*Kufuli lilikuwa mapajani, la baridi, zito kuliko lilivyoonekana mezani. Tunu akausukuma waya kidogo kidogo kama alivyoelekezwa. Ndani kabisa, kitu kidogo kikakubali.*

*'Hapo hapo,' baba akanong'ona. 'Umekisikia?'*

*Kiganja kilinuka mafuta ya mashine. Tunu alikuwa amekisikia tangu mara ya kwanza. Akatikisa kichwa, bado, ili kiganja kisiondoke."*

Kobe_Msomaji

Mkuu!

Kisu_Butu

Sina neno. Endelea hivyo hivyo, na usije ukatueleza alijisikiaje.

BintiWaFundi

Nilipofika pale alipotikisa kichwa niliweka simu chini, nikaenda kufua.

Nimerudi na sahihisho moja. Kufuli la ndani halipakwi mafuta ya mashine, yanakusanya vumbi na kunata, likikaa miezi linagoma. Mtu anayeijua kazi anatumia unga wa risasi ya penseli. Kwa hiyo kiganja cha baba yake kisinuke mafuta. Kiwe na weusi mwepesi unaong'aa kama fedha, na baadaye Tunu akijitazama kwenye kioo aukute usoni, umbo la vidole vinne, asinawe mpaka kesho yake.

Msiniulize najuaje.